Kutangaza mkutano wa wanablogu Lubumbashi: ya kujua kabla ya kuchapa afishi

Afishi ndiyo kitu cha kwanza kinachokimbiliwa na kila kamati, na ndiyo inayoleta watu wachache kuliko njia zote. Mkutano wa jamii wa wanablogu na watengeneza tovuti hauna mwanamuziki, hauna mshindi wa zawadi, na hauna per diem. Mtu wa komine (manispaa) ya Katuba au Kampemba anayeusikia kwa mara ya kwanza ana maswali yake: ni wapi hasa, nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani, nitaachiwa saa ngapi, na kuna nani ninayemjua. Asipopata majibu, anasema "nitaona", na "nitaona" ya Lubumbashi kila mtu anajua inaishia wapi. Kazi ya kutangaza, ukiitazama vizuri, ni kuyajibu maswali hayo mapema, bila kumla mtu megabaiti zake, kupitia mdomo wa mtu anayemwamini.

Yafuatayo yanakwenda kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu wiki ya kumi kabla ya siku mpaka wageni wameondoka. Mfano utakaotumika ni ukumbi wa viti 120, maana ukubwa huo kamati ya watu saba au wanane wasiolipwa inaweza kuubeba.

Tarehe, jina na karatasi

Mvua za Katanga zinaanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Kumbi nyingi za bei nafuu zimeezekwa bati. Mvua ikipiga, kipaza sauti hakisikiki, na taxi-bus zinakuwa adimu. Kwa hiyo wengi wanasogea kwenye kiangazi. Huko nako kuna mitego: Juni na Julai wanafunzi wa mwisho wa sekondari wako kwenye Examen d'État, na vyuo vina vipindi vyake vya mitihani visivyofanana. Usiitegemee kalenda iliyobandikwa tangu mwanzo wa mwaka, kwa sababu inasogezwa; waulize wanafunzi wenyewe. Tazama pia ratiba ya TP Mazembe. Siku inapocheza nyumbani Kamalondo, njia zinajaa na nusu ya vijana unaowataka wako uwanjani. Jumamosi ndiyo siku nzuri, ila uliza komine kama kuna salongo (usafi wa pamoja wa mji) asubuhi hiyo.

Jina lina sheria zake. Huwezi kuamka tu ukauita mkutano wako WordCamp, yaani mkutano wa watumiaji wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti: jina hilo na jina la WordPress ni alama za biashara za WordPress Foundation, na mji unaotaka WordCamp unatakiwa kwanza uwe na kikundi kinachokutana mara kwa mara, kisha uombe. Neno "wordpress" haliruhusiwi ndani ya anwani ya tovuti yako. DevFest, mkutano wa watengeneza programu, nayo ni ya vikundi vya GDG (Google Developer Groups). Anayeanza bila kikundi kilichosajiliwa popote anaweza kutumia mtindo wa BarCamp, uliozaliwa Palo Alto mwaka 2005: hauombiwi ruhusa, na washiriki wenyewe wanapanga mada asubuhi ya siku hiyo. Ubaya wake ni kwamba unatangaza mkutano usio na orodha ya mada, na hapa kwetu mtu anataka kujua nani atasema nini. Dawa ni kuchanganya: mada tatu au nne zitangazwe mapema, mchana uachwe wazi.

Chochote utakachochagua, jina litamkike redioni bila kuelezewa. Kistari, tarakimu katikati ya neno, au herufi iliyorudiwa makusudi, vyote vinapoteza watu wanaotafuta ukurasa baada ya kusikia.

Karatasi: Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006, kifungu cha 25, inalinda uhuru wa kukutana kwa amani, na kifungu cha 26 kinataka mamlaka zijulishwe kwa maandishi pale watu wanapokusanyika barabarani au mahali pa wazi. Mkutano wa ndani ya ukumbi ni jambo jingine, lakini andika barua ya kujulisha hata hivyo, nakala moja kwa meya na nyingine kwa komine, na urudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mwenye ukumbi ataiomba. Bango la kuvuka barabara lina kodi yake; ulizia kabla ya kulichapa, lipa penye ofisi, chukua risiti, na ipige picha iwe kwenye simu ya kila aliye zamu ya kulitundika.

Ukurasa mmoja, mwepesi

Watengeneza tovuti wana ugonjwa wa kutaka kuonyesha ufundi wao kwenye tovuti ya mkutano. Picha zinazoteleza, video nyuma ya kichwa cha habari, herufi za kupakuliwa kutoka mbali. Mgeni wako anaufungua kwa kifurushi cha siku moja, akiwa ndani ya taxi-bus. Ukurasa mmoja wa HTML wa kawaida, wenye picha moja, unatosha. Uzito wote ukiwa chini ya kilobaiti 300, utafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu.

Watu wengi watauona kwanza kama kadi ndogo ndani ya WhatsApp, si kama ukurasa. Kwa hiyo og:title, og:description na og:image, alama za HTML zinazoitengeneza kadi hiyo, ni mambo ya kwanza kuandika, kabla ya rangi. Picha iwe 1200 kwa 630, JPEG, isizidi kilobaiti 300, na anwani yake iandikwe yote kuanzia https. Jitumie kiungo mwenyewe uone kinavyotokea. Ukibadilisha picha baadaye, badilisha na jina la faili, maana kadi ya zamani inahifadhiwa na itaendelea kuonekana na tarehe yako ya kale.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko UTC+1, na Lubumbashi, pamoja na Goma na Bukavu, iko UTC+2. Ukiandika "9h00" bila kutaja ni ya wapi, anayetazama mtandaoni kutoka Kinshasa ataingia saa nzima mmekwisha kuanza, na msemaji aliyeko huko vilevile. Kwenye faili la kalenda (.ics) weka Africa/Lubumbashi, Africa/Kinshasa ndiyo inayoharibu mambo, na programu nyingi huiweka zenyewe zikisikia nchi ni Kongo. Kwenye maandishi andika namna zote mbili za kuhesabu, "saa 3 asubuhi (9h00)", kwa sababu wapo wanaosoma moja na wapo wanaosoma nyingine.

Mahali paelezwe kwa alama: kutoka Place de la Poste unapita wapi, unashukia wapi, jengo lina rangi gani. Andika nauli ya kwenda na kurudi kutoka Kenya (komine, si nchi), Katuba, Ruashi na Kasapa, penye kampasi ya chuo kikuu. Waulize madereva wiki hiyohiyo, kisha ongeza kidogo, kwa sababu mafuta yakipanda nauli inapanda asubuhi yake. Mistari hiyo minne inasomwa kuliko maelezo yote ya malengo ya mkutano.

Fomu: jina, namba ya WhatsApp, unatoka wapi, unafanya nini, umesikia kutoka kwa nani. Barua pepe iwe ya hiari. Wengi wana anwani waliyofunguliwa siku ya kununua simu na hawajaifungua tena. Fomu ifanye kazi hata JavaScript isipopakia. Na iwepo namba ya kupokea SMS ya "NAKUJA" na jina, kwa asiye na data. Chini ya kitufe weka sentensi moja: namba yako inatumika kwa mkutano huu tu na itafutwa tarehe fulani. Tangu Code du numérique, sheria ya Kongo ya mambo ya dijitali, yaani Ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, taarifa binafsi za watu si za kuchezea, na mkutano wa watu wa tovuti usiojali hilo unajiaibisha wenyewe.

CP, valvu, na watu wanaojibia watu

Hapa ndipo ukumbi unapojaa au unapobaki mtupu.

Kila promosheni (darasa la mwaka mmoja) ya UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ya ESIS na ya vyuo vingine ina CP wake (chef de promotion, kiongozi wa darasa). Yeye ndiye mwenye kundi la WhatsApp la darasa, yeye anatangaza mwalimu amechelewa, yeye anakusanya pesa za fotokopi. Tangazo linalopitia kwake linasomwa. Lililotupwa kundini na namba isiyojulikana linapita pamoja na video za vichekesho. Lakini CP anatumiwa matangazo kila siku, kwa hiyo ujumbe mrefu wenye nembo saba hautamshtua. Nenda ukamwone Kasapa au kwenye kampasi yake, mkae nusu saa, na umpe kitu cha kugawa: viti kumi vilivyowekwa kwa promosheni yake hadi tarehe fulani, naye alete majina na namba. Sasa tangazo limekuwa lake. Ana viti, anachagua, na aliyechaguliwa ana haya ya kutofika.

CP wanane kwa viti kumi ni 80. Vinabaki 40 kwa wanablogu, waandishi wa habari, watu wa maofisi na wanaojitegemea. Kiti ambacho hakijapata jina ifikapo tarehe iliyokubaliwa kinarudi kwenye orodha ya wanaosubiri, na hilo liandikwe tangu mwanzo ili pasiwepo ugomvi. Ukiogopa kulifuata kwa sababu CP ni rafiki, viti hivyo vitakaa vitupu siku yenyewe, na rafiki hatakuwepo.

Karatasi ya kubandika kwenye valvu, yaani ubao wa matangazo wa chuo, inahitaji muhuri wa apparitorat, ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi. Tumia A4, valvu zimejaa, na A3 ndiyo ya kwanza kung'olewa. Ipitie kila Jumatatu, kwa kuwa mwisho wa wiki inafunikwa na matokeo na matangazo ya kodi ya vyumba.

Kuhusu WhatsApp yenyewe, kuna mambo ya kiufundi yanayoangusha kamati nyingi. Kundi linabeba watu 1,024, lakini kundi la watu wengi linageuka soko siku ya pili. Weka kundi la matangazo ambamo wasimamizi tu wanaandika, maswali yaende kwenye namba moja. Orodha ya kutuma kwa pamoja inabeba watu 256, na inamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo sababu kamati inatuma, inaona tiki moja, na kudhani watu wamezima simu. Ujumbe wa kwanza wa kumthibitishia mtu usajili umwombe ahifadhi namba. Na namba mpya isitumike siku ya kwanza kupeleka ujumbe uleule kwa watu mia wasioijua, kwa sababu itafungiwa. Inunuliwe wiki ya kumi, ianze kutumika kwa mazungumzo ya kawaida.

Maandishi ya Lubumbashi ni ya Kifaransa na masikio ni ya Kiswahili. Afishi ya Kifaransa inasomeka vizuri, lakini kinachosambazwa kutoka mkono kwa mkono ni ujumbe wa sauti. Sekunde 40, uzito wake hauzidi wa picha ya afishi, na mama anayeuza kando ya barabara anaweza kuusikiliza na kumwambia mtoto wake. Asiusome mtu kama mtangazaji wa habari. Auseme kama anavyosema na ndugu yake. Kwa mfano:

"Jambo ndugu. Unaandika blogu, ama unatengeneza tovuti, ama unataka kuanza? Jumamosi hii tunakutana hapa Lubumbashi. Tunaanza saa tatu asubuhi, saa kumi kamili tumemaliza, kila mtu anarudi kwake mapema. Utajifunza namna ya kufungua tovuti yako, namna ya kuilinda wasikuibie, na namna ya kuandika watu wasome mpaka mwisho. Kuingia ni kwa tiketi, na tiketi ni pamoja na chakula. Viti vimehesabiwa. Tuma jina lako kwenye namba hii unayosikia. Karibu sana."

Umeona kwamba saa ya kumaliza imetajwa mapema kuliko mada. Mabinti wanaoishi kwa wazazi wanaulizwa hilo kwanza, na wakikosa jibu hawaji hata kama wamejisajili. Yafaa pia mmoja wa kamati, afadhali mama au dada mkubwa, awe tayari kupokea simu za wazazi, na namba yake iwe kwenye tiketi. Simu hizo ni fupi. "Allô, jambo Papa. Ndiyo, binti yako yuko kwenye orodha. Tunamaliza saa kumi. Mimi mwenyewe nitakuwepo, namba yangu ndiyo hii." Mzazi anashukuru, na binti anakuja na wenzake wawili.

Wasemaji ni watangazaji ambao kamati nyingi zinawasahau. Kila mmoja apewe picha yake ya 1080 kwa 1080 iliyokwisha tengenezwa, mistari mitatu ya Kifaransa na mitatu ya Kiswahili, na kiungo chenye alama yake (utm_source na jina lake) ili ujue aliyeleta watu. Msemaji ukimwambia "tusaidie kusambaza" hatafanya kitu. Ukimpa faili lililo tayari, ataliweka kwenye statusi jioni hiyohiyo. Statusi inaishi saa 24, kwa hiyo panga nani aweke lini, wasiweke wote siku moja.

Chapa na redio, kwa kifupi

Mchapaji asitumiwe faili kama picha ya WhatsApp, kwa sababu inabanwa na herufi zinakuwa ukungu. Itume kama dokumenti, au bora PDF kwenye ufunguo wa USB. A3 kwa nukta 300 kwa inchi (dpi) ni pikseli 3508 kwa 4961. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Bango la mita 3 kwa 1 halihitaji zaidi ya nukta 100 hadi 150. Kuanzia Agosti upepo na vumbi vinazidi, basi agiza matundu ya chuma kila nusu mita, si pembeni tu. Msimbo wa QR usipungue sentimita 3, uzungukwe na nafasi nyeupe, na ufungue anwani iliyo mali yenu wenyewe. Ule wa huduma ya bure ya kufupisha viungo ukifa, afishi zote zimekufa nao. Chapa mapema mwanzoni mwa wiki. Umeme ukikatika Ijumaa, mwenye mashine atawahudumia wa harusi kwanza.

Redio inapenda kupewa kipindi kuliko kominike, yaani tangazo la kusomwa. Kominike ya kulipia, maneno 60, isomwe asubuhi na jioni kwa siku tatu, inasaidia. Lakini mpeleke msemaji mmoja akaeleze kwa Kiswahili namna ya kulinda ukurasa wa Facebook usiibwe, na watu watapiga simu studioni wenyewe. Tarehe ya mkutano itatajwa mara nne bila senti. Namba ya simu isemwe polepole, kwa mafungu, mara mbili.

Parokia na makanisa yana matangazo ya Jumapili. Barua ifike Ijumaa, mistari isizidi minne.

Pesa

Gharama zinazoonekana, yaani ukumbi, chakula na chapa, kila mtu anaziandika. Zinazokula kamati ni zile ndogo: yuniti za kupiga simu, nauli za wanaobandika afishi, ada ya kutoa pesa kwenye simu, mafuta ya jenereta, na kodi ya bango. Ziandikie mstari wake, kisha weka sehemu ya kumi ya jumla pembeni kwa ya dharura. Omba proforma (makadirio ya bei kwa maandishi) kwa watu watatu, na uulize bei ni ya dola au ya faranga, na inakaa kwa siku ngapi.

Tiketi ya bure haina uzito. Kwa mkutano wa bure usishangae nusu ya waliojiandikisha wasipofika, na kwa ukumbi wa 120 utahitaji kufungua usajili mpaka 180 au zaidi. Tiketi ya faranga kidogo, inayorudi kwa mtu kama sahani ya chakula na soda, inapunguza hilo sana na kukupa hesabu ya mpishi. Wanaoshindwa kulipa wapewe nafasi kwa siri, kupitia CP.

Malipo yapitie namba moja ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, iliyoandikishwa kwa jina ambalo kila mtu amelitangaziwa. Andika kwenye tiketi: "Kabla ya kutia PIN utaona jina hili, ukiona jingine, usilipe." Mkutano ukianza kujulikana, wajanja watanakili afishi yako na kubadili namba. Anayeshika simu hiyo asiwe yeye anayeandika daftari. Mlangoni, dola iliyochanika hata kidogo pembeni usiipokee, maana kesho nawe hakuna atakayeipokea kwako, na ya dola moja moja ina shida hiyohiyo.

Mdhamini asiwekwe nembo kwenye afishi kabla pesa hazijafika au barua haijasainiwa. "Weka tu, tutatuma" ni sentensi ghali: afishi imechapwa, pesa haijaja, na aliyelipa kweli anauliza kwa nini nembo yake iko sawa na ya asiyelipa. Mara nyingi ni rahisi kupata vitu kuliko pesa: maji, mikate, muunganisho wa intaneti wa siku moja, projekta ya kuazima. Vihesabu kwa thamani yake na uvitaje hadharani.

Matangazo ya kulipia ya Facebook yanahitaji kadi ya benki yenye dola. Chora duara kuzunguka Lubumbashi. Ukiacha "Kongo" nzima, pesa yako itakwenda kuonyesha tangazo Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kutoka ukumbini. Tumia siku kumi za mwisho tu, na lengo liwe watu kubofya kiungo. Moyo na dole gumba havikai kitini.

Siku tano za mwisho

Jumatatu inatoka SMS ya kuthibitisha. SMS moja ina herufi 160, kwa sharti kwamba herufi zote ziwe za seti ya kawaida ya simu. Herufi é, è, à na ù zimo. Herufi ê, ô na ç ndogo hazimo, wala apostrofi iliyopinda ambayo simu janja inaiweka yenyewe unapoandika "ng'ambo" au "l'entrée". Moja tu ikiingia, ujumbe mzima unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ukigawanywa, kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wa herufi 150 unakuwa vipande vitatu, na unalipa mara tatu kwa kila mtu. Andika kwa apostrofi iliyonyooka, au iepuke kabisa:

"Mkutano wa wanablogu: Jumamosi saa 3 asubuhi (9h00). Ukumbi ule ule wa kwenye tiketi. Unakuja? Jibu NDIYO au HAPANA. Mwisho wa kujibu Alhamisi saa 12 jioni."

Hiyo inaingia katika moja. Asiyejibu anapigiwa simu Ijumaa. Hata wakiwa wote 120, kwa dakika mbili kila mtu ni saa nne za maongezi, hivyo wagawane watu wanne, kila mmoja majina 30, kwa muda wa saa moja tu, jioni. Anayepiga asiulize "utakuja?", maana kwa heshima mtu atasema ndiyo, aulize "utapandia wapi, na utafika saa ngapi?" Anayebabaika hapo, kiti chake kinapewa anayesubiri.

Orodha nzima ya majina na namba ichapwe kwenye karatasi, nakala mbili. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa karibu wiki tatu. Mwenye orodha ndani ya wingu tu alibaki bila orodha. Hata bila hilo, delestaje (kukatwa umeme kwa zamu) ya asubuhi inatosha kuizima kompyuta ya mlangoni.

Mlangoni wawepo watatu: mmoja A hadi K, mmoja L hadi M, mmoja N hadi Z. Majina ya kwetu yanajazana kwenye K na M, na ukigawa alfabeti katikati foleni moja itafika barabarani. Kila anayeingia aulizwe tena, kwa mdomo, nani aliyemleta. Jibu hilo mara nyingi halifanani na lililo kwenye fomu: kwenye fomu ameandika "Facebook" kwa sababu alibofya huko, mlangoni atasema "CP wetu". Andika la mlangoni.

Kuanza kuchelewe kwa dakika 15, zisizidi. Waliofika saa tatu wanatuma picha za viti vitupu kwenye statusi zao, na aliyekuwa bado nyumbani akivaa viatu anavivua kabisa. Afadhali kuanza na warsha ndogo kwa 30 waliopo kuliko kuwangojea 90.

Baada ya watu kuondoka

Picha zitoke ndani ya saa 48, na wasiotaka kupigwa picha wawe wamepewa utepe wa rangi tangu mlangoni. Slaidi zigeuzwe PDF nyepesi na kuwekwa kwenye ukurasa uleule. Yule aliyekosa ndiye atakayezifungua, naye ndiye mgeni wa mwakani. Maswali ya tathmini yawe matatu, yajibiwe kwa WhatsApp: kipi kilikusaidia, kipi kilikuchosha, ungependa kufundisha nini. Swali la tatu linaleta wasemaji wa mara ijayo, na mara nyingi ni watu ambao kamati haikuwahi kuwasikia.

Wadhamini wapelekewe kurasa mbili, na mtu aende mwenyewe: waliojiandikisha, waliofika, waliotoka wapi, nembo ilionekana wapi, pesa ilitumika kwa nini, nakala za risiti nyuma. Kama walifika 70 kati ya 120, andika 70. CP nao wapelekewe hesabu ya promosheni zao; wenye watu kumi waliofika wote wapewe viti 15 mwakani, na aliyeleta wawili apewe vitano. Kisha fungua orodha ya namba, waulize wanaotaka kubaki kwenye matangazo wajibu NDIYO, na waliobaki kimya ufute namba zao tarehe uliyoiandika chini ya kitufe cha fomu, pamoja na zile nakala mbili za karatasi.